Vipi uandike tamthilia au makala, mtu akianza asiondoke

Nianze na jambo ambalo mie naliamini kabisa na ndo msingi wa yote ntakayoyaeleza hapa. Mtu anakaa mbele ya tivii mpaka mwisho, au anasoma makala mpaka mstari wa chini, kwa sababu kuna mtu keshamjali na kuna swali juu ya mtu yule ambalo bado hajajibiwa. Ukiwa na hivo viwili hata kamera ya simu inatosha, na ukikosa kimoja basi hata ukodi droni na taa watu wanaondoka mapema. Nnawaandikia khasa vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaotengeneza tamthilia za YouTube na wanaoandika makala mitandaoni, kwa sababu kazi nyingi nnazotizama picha ni nzuri, waigizaji wanajua, ila hadithi haimpi mtu sababu ya kurudi kesho, na hilo linaniuma kwa sababu ni jambo la kufundishika.

Wakubwa zetu walilijua zamani. Bibi akishasema paukwa na watoto wakaitika pakawa, hakai kueleza mambo mengi, anakwambia hapo kale alikuwepo sultani na hakujaaliwa mtoto, basi, kwa sentensi moja ushamjua mtu na ushajua anakosa nini, na hutaki kulala mpaka ujue mtoto kapatikana vipi. Ukitaka kupima mwanzo wa kazi yako jiulize hivo hivo: mpaka dakika ya kwanza inaisha, mtizamaji keshamjua nani, na keshajua huyo mtu anakosa kitu gani?

Swali kwanza, mapambo baadae

Tuchukue mfano tuufanyie kazi pamoja. Binti yuko Wete, tumwite Mwanaisha, imekuja posa ya kijana wa Kengeja, watu wa heshima, kijana ana kazi yake, mama kafurahi, bibi kafurahi, halafu ami yake Mzee Faki, ambae ndie anaesimamia mambo ya nyumba tangu baba afariki, anasema hapana. Hasemi kwa nini. Anavaa kofia anatoka kwenda msikitini.

Hapo hamna ajali wala bastola, lakini nani asietaka kujua kwa nini kakataa? Hilo ndo swali lako na linatosha kubeba sehemu kumi.

Sasa angalia, swali hilo lina nguvu kwa sababu ushapewa habari kabla. Mtaalamu mmoja wa Marekani, George Loewenstein, aliandika mwaka 1994 kwamba hamu ya kujua inaamka pale mtu anapojua kitu kidogo halafu akaona kuna pengo baina ya anachokijua na anachotaka kukijua, na kwa maana hiyo mtu asiejua chochote hana hamu ya chochote. Hapa ndo wengi wetu tunapopotea, unakuta tamthilia inaanza usiku, muziki wa kutisha, mtu kafunika uso anakimbia kichochoroni Mkunazini, na tunakimbia nae dakika tatu nzima hatumjui ni nani, hatujui anamkimbia nani, anatafuta nini, na muandishi anadhani kaficha siri kumbe hajatupa kitu. Siri inakuwa siri pale unapojua kwamba ipo na unajua inamuumiza nani.

Kwa hiyo kabla Mzee Faki hajasema hapana, tuoneshe alivo. Muoneshe analipa ada ya chuo ya Mwanaisha, muoneshe anamletea mama mtu samaki kila Ijumaa, muoneshe anavomtania binti mpaka wanacheka. Mtizamaji ampende. Halafu hapo ndo akatae posa, na hapo ndo pengo linapofunguka kwa sababu mtu mwema kafanya jambo lisilofanana nae. Ungemuonesha mkali tangu mwanzo, jibu lingekuwa "mkali tu" na watu wangekwenda zao.

Kila jibu lifungue mlango mwengine

Swali moja peke yake linachoka. Kama sehemu ya kwanza mpaka ya tisa watu wanauliza kwa nini kakataa na ya kumi ndo unajibu, utawapoteza katikati, kwa hiyo jibu kidogo kidogo, ila jibu la kweli. Sehemu ya tatu tunajua Mzee Faki alikuwa anamjua babu wa yule kijana tangu ujanani. Sehemu ya tano tunajua kwamba walikuwa wakisafirisha karafuu za magendo usiku kwenda Mombasa, na hili kila mtu wa Pemba atalielewa bila maelezo, kwa sababu karafuu zote sheria inataka ziuzwe serikalini, kwa shirika la biashara la taifa la Zanzibar, ZSTC, na ng'ambo bei ilikuwa inavutia. Sehemu ya saba tunajua kwamba usiku mmoja waliondoka watatu wakarudi wawili. Na yule wa tatu alikuwa nani? Ushaanza kuhisi, mama yake Mwanaisha pia ashaanza kuhisi, kwa sababu yeye miaka yote aliambiwa mumewe kazama akivua.

Umeona, kila tunapojibiwa tunapata kitu cha kweli mkononi na wakati huo huo swali limekuwa kubwa zaidi na limesogea karibu na Mwanaisha mwenyewe. Hilo la kusogea karibu ni muhimu sana, ukijibu swali likafungua jengine la mtu wa mbali ambae hatumjali, uzi umekatika.

Mfano mkubwa wa swali lililobeba watu muda mrefu ni Dallas, tamthilia ya tivii ya Marekani. Tarehe 21 Machi 1980 walimaliza msimu J.R., tajiri mkorofi wa hadithi ile, anapigwa risasi na hatujaoneshwa nani kampiga, mgomo wa waigizaji ukaja ukachelewesha msimu mpya, na jibu likatoka tarehe 21 Novemba mwaka huo huo, wakatizama Wamarekani kiasi cha milioni 83. Watu wanaikumbuka ile risasi, lakini kilichofanya kazi ni kwamba J.R. keshawakosea karibu watu wote wa hadithi ile, na watizamaji walimjua kila mmoja na sababu yake ya kumchukia, kwa hiyo miezi minane ile kila mtu alikuwa ana mtuhumiwa wake na hoja zake. Wangempiga mtu tuliemuona wiki moja hakuna ambae angejali.

Na walijibu. Ahadi ni deni, na mtizamaji ana kumbukumbu ya deni kuliko mwenye duka. Ukimaliza sehemu kwa ukelele wa mama jikoni, halafu sehemu inayofuata tukagundua kaona panya, ushamdanganya mtu, mara ya pili ukelele wako hautomshtua, na mara ya tatu hayupo.

Wapi ukate

Swali hili naulizwa sana. Tamthilia za Kituruki tunazozitizama kwa sauti za Kiswahili, kwao sehemu moja huwa inafika masaa mawili na zaidi, zikiuzwa nje zinakatwakatwa vipande vya kama dakika 45, ndo maana wakati mwengine inakata watu wako katikati ya mazungumzo au wanatizamana tu. Wale wamekatiwa na mnunuzi. Wewe unaandika mwenyewe, usiige hilo.

Mie nakata baada ya mtu kuamua jambo na kabla ya kuona matokeo yake. Mama Mwanaisha anachukua buibui usiku, anafungua mlango, anakwenda nyumbani kwa Mzee Faki. Anabisha hodi. Kata hapo. Sote tunajua anakwenda kuuliza nini na tunajua kwamba akishauliza hakuna kurudi nyuma, na wiki nzima tutakaa tunajiuliza atajibiwa nini. Ukikata baada ya kofi au baada ya mtu kuanguka unatoa mshtuko, na mshtuko kwa asubuhi ya pili umeshapoa, wakati uamuzi unaendelea kumzunguka mtu kichwani hata akiwa kazini.

Heshima yetu ndo inayotupa hadithi

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu naona tunatupa mali. Waandishi wengi wa kwetu wakifika pahala pa ugomvi wanaandika kama sinema za nje, binti anasimama mbele ya ami yake anampigia kelele "niambie ukweli!", anavunja glasi, anatoka anabamiza mlango. Nyumba gani hiyo ya Wete? Mwanaisha hawezi kumwambia ami yake hivo, ataingia, atasema shikamoo ami, atamimina chai, atakaa kimya, na ami atajua kwamba kaja kwa jambo lile na atajifanya hajui, ataulizia masomo. Kimya hichi kina moto kuliko ile kelele, kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake anajua na hakuna anaethubutu kuanza.

Kwa hiyo akitaka kujua afanye nini? Apitie kwa bibi. Bibi nae hatomuuliza Faki mbele za watu, atamwita siku ya pili kwa kisingizio cha kutazamiwa bati linalovuja. Na mama, ambae hawezi kumshutumu shemeji yake kwa mdomo, anaweza kujifunga kanga yenye jina "Mdhaniaye ndiye siye" na kupita nayo mbele yake uwani wakati anakunywa kahawa, na Mzee Faki akaisoma, kikombe kikagota kwenye kisahani. Mtizamaji wa hapa atapiga ukelele nyumbani kwake, kwa sababu kanga tunazijua zinavosema, na taarabu zetu pia zimejaa mtu kupelekewa ujumbe mbele ya ukumbi mzima bila ya kutajwa jina, na aliekusudiwa anajijua. Heshima ni kizuizi, na kizuizi ndo kinachoivuta hadithi. Kila pahala ambapo mtu hawezi kusema moja kwa moja, wewe muandishi umepata njia tatu za kuzunguka, na kila njia ina hatari yake.

Na lugha pia iwe ya watu wenyewe. Bibi wa Wete aseme kama bibi wa Wete, asiseme kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kuna watu wanaogopa kwamba wa Unguja mjini au wa bara hawatofahamu, wallahi watafahamu, maneno mawili matatu yakimpita mtu hayamuondoi, kinachomuondoa ni kuona wahusika wote wanazungumza sawasawa kama wamesoma karatasi moja.

Mtu wa katikati

Miguel Sabido wa Mexico, miaka ya 70, alitengeneza tamthilia za kufundisha watu mambo kama kujiunga na masomo ya watu wazima, na mpango wake ulikuwa hivi: kuna mtu mwema, kuna mtu mbaya, na kuna wa katikati ambae anayumba, na huyu wa katikati ndie watu wanaemfuata kwa sababu wanajiona wenyewe. Njia hiyo ililetwa hapa Tanzania mwaka 1993 kwenye mchezo wa Radio Tanzania ulioitwa Twende na Wakati, na wengi wa umri wangu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu. Mkwaju alikuwa anachekesha na anaudhi, lakini aliekuwa anabadilika ni Tunu, anavumilia, anachoka, anaanza biashara yake ndogo, na unasikiliza kujua leo ataamua nini.

Kwenye hadithi yetu wa katikati ni mama. Bibi msimamo wake unajulikana, Mzee Faki siri yake anayo, Mwanaisha anajua anamtaka nani, lakini mama amtakie mwanawe furaha au aendelee kulinda amani ya ukoo? Yeye ndo kila wiki tunakuwa hatujui. Mpe nafasi kubwa kuliko ulivopanga.

Msaada mwengine ni mtu wa kuuliza maswali yetu. Muhammad Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alieshinda mashindano ya kuandika hadithi ya 1957/58 kwa kisa cha kwanza cha Bwana Msa, alimpa mpelelezi wake mwenzake anaeitwa Najum. Najum anaona yale yale anayoyaona Bwana Msa lakini haunganishi, kwa hiyo anauliza, na sisi wasomaji tunapumua kwa sababu kaliuliza letu. Ukiwa na mambo magumu ya kueleza, kama mirathi au sheria ya karafuu, tafuta Najum wako, mdogo wake Mwanaisha wa miaka kumi na mbili anafaa sana.

Ukitaka tamthilia ya muda mrefu sana lazima uwe na nyuzi kadhaa, moja ikikaribia kufungika nyengine iwe ishaanza. Guiding Light ya Marekani ilianza redioni 1937, ikaingia kwenye tivii 1952 na ikamalizika 2009, miaka 72, na haiwezekani kwenda umbali ule kwa swali moja. Lakini kwa sehemu kumi za YouTube nyuzi mbili zinatosha, tatu ushazidisha.

Na makala je?

Msingi ni ule ule ila msomaji wa makala ana haraka zaidi, yuko kwenye daladala, bando linaisha, meseji zinaingia. Jakob Nielsen, mtafiti wa namna watu wanavotumia tovuti, aliwapima watu mwaka 1997 akakuta asilimia 79 wanapitisha macho tu kwenye ukurasa mpya wa mtandaoni, waliosoma neno kwa neno walikuwa asilimia 16. Mwaka 2006 akafuata macho ya watu 232 akaona wanasoma mistari ya juu kwa upana, halafu wanateremka upande wa kushoto wakiokota maneno ya mwanzo ya mistari. Maana yake kwako: maneno mawili matatu ya mwanzo ya kila aya na kila kichwa kidogo ndo yanayosomwa, usiyajaze "kama tunavojua sote" na "katika ulimwengu wa leo wa sayansi na teknolojia".

Mfano, unaandika juu ya mwani, na kwetu zinapandwa aina mbili, kotonii na spinosamu. Mwanzo ninaouona kila siku ni "Mwani ni zao muhimu la biashara hapa Zanzibar na huchangia pato la taifa." Kweli, lakini nani hajui? Sasa soma huu: "Kotonii inalipa zaidi ya spinosamu, na bado wanawake wengi wa pwani ya mashariki wameacha kuipanda. Sababu iko kwenye maji wanayosimama." Msomaji kapewa kitu anachokielewa, pesa, kisha kaona pengo, mtu anaacha vipi pesa zaidi? Halafu muoneshe mama mmoja na kamba zake, halafu ueleze maji ya kina kidogo yanavopata joto, mwani unapauka na kukatika, halafu habari ya kusogea kwenye maji ya kina kirefu ambako wengi wanahitaji boti na hawajui kuogelea. Hapo swali jipya limezaliwa, nani atawapa boti na nani atawafundisha kuogelea, na msomaji bado yuko na wewe. Ni ile ile ya Mzee Faki.

Kichwa cha habari kiseme nusu ya kweli iliyomo ndani. "Kwa nini wanawake wanaikimbia kotonii" kinatosha. "Hutoamini kilichowakuta wakulima hawa" usiandike, msomaji ataingia mara moja na jina lako atalikumbuka vibaya.

Ratiba na kipimo

Netflix mwaka 2013 walitoa msimu mzima wa House of Cards kwa mara moja, na wengi wakadhani ndo njia ya wote. Kwa kazi zetu ndogo mie nashauri sehemu moja kwa wiki, siku moja, saa moja isiobadilika, kwa sababu katikati ya wiki watu wanaizungumza barazani na jikoni, na wale ambao hawajaiona wanaitafuta. Ramadhani toa baada ya tarawehe, kabla ya hapo watu hawapo. Ukisema Alkhamisi saa tatu usiku basi iwe saa tatu, hata kama unahisi rangi ya picha bado hujaipenda.

Kabla ya kurekodi, isome hadithi kwa sauti mbele ya mtu ambae hakuonei haya, mie nachagua wanawake wazima wa mtaani kwa sababu hawabembelezi, na ukifika pale unapotaka kukata, nyamaza. Akisema "enhe, halafu?" umepata. Akisema "nzuri, mashallah", rudi ukaandike tena.

Ukishaitoa, fungua takwimu za YouTube Studio utaona mchoro unaoonesha watu wangapi wamebaki kila sekunde, na wanakwambia wangapi wamevuka sekunde 30 za mwanzo. Mteremko wa pole pole ni kawaida. Tafuta pahala palipoporomoka ghafla, itizame sekunde ile na kumi zilizo kabla yake, mara nyingi utakuta moja kati ya matatu: swali lilishajibiwa na jipya halijaja, au umehamia kwa mhusika ambae hatumjui, au nyimbo ya mwanzo imekuwa ndefu. Nyimbo ifupishe leo leo. Hayo mengine mawili yaandike pembeni ya skripti ya sehemu inayofuata kabla hujaita waigizaji.